Seli Zangu Zilizofeli

Nimefundisha baiolojia tangu nikiwa kijana mwembamba mpaka nikastaafu na kitambi, na kwa miaka mingi, shule zikishafungwa, nilikuwa miongoni mwa walimu wanaokusanywa mahali pamoja kusahihisha mitihani ya taifa. Kwa hiyo neno kufeli si geni kwangu. Nimeliandika, nimelitamka mbele ya wazazi, nimeona linavyomkalisha baba mzima kitini bila yeye kutaka. Nilichokuwa sijawahi kukisikia ni mtu kunipigia simu, nikiwa barazani kwangu Hamugembe natafuna punje za kahawa kama desturi yetu, na kuniambia kwamba chembechembe za damu yangu mwenyewe zimefanyishwa mtihani na zimefeli.

Aliyepiga alikuwa daktari wangu wa India, mtu mwenye adabu na Kiingereza kilichopigwa pasi. Hakusema zimefeli. Alisema seli zangu "hazikufikia kigezo cha kuruhusiwa kutoka". Nikamwuliza maana yake. Akaanza safari ndefu ya maneno, akapita kwenye ubora, akapita kwenye usalama, akashukuru uvumilivu wangu ambao sikuwa nimeutoa.

"Daktari," nikamwambia, "mimi ni mwalimu. Nimezunguka hivyohivyo mbele ya wazazi wengi. Zimefeli?"

"Ndiyo, Mwalimu," akasema. "Zimefeli."

Mke wangu alikuwa mlangoni na sahani ya ndizi mkononi. Alinisoma usoni akaiweka chini bila kuuliza, na ile sahani ilikaa pale mpaka kuku wa jirani wakaigundua.

Kwa aliyelala darasani nirudie somo. Saratani yangu ni ya tezi za limfu. Ilianza kwa uvimbe chini ya taya, mimi nikaudharau, mke wangu akakataa kuudharau, na ndiyo sababu niko hai kuandika haya. Mwanza walinitundikia dripu za dawa kali mpaka nywele zikanitoka na uvimbe ukaondoka. Nywele zilirudi. Kwa bahati mbaya na uvimbe nao ukarudi. Ndipo daktari wa Mwanza alipotuambia kwamba kuna utafiti India unaohitaji wagonjwa wa aina yetu, nasi tukakubali upesi, maana mfa maji haulizi kamba imesokotwa na nani.

Nasema sisi kwa sababu tulikwenda wawili. Mwenzangu alikuwa mama mfanyabiashara wa dagaa kutoka Bumbire, kule visiwani Muleba. Alizaliwa Ukerewe, akawafuata dagaa kisiwani akiwa msichana, wala hakuondoka tena. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja, daktari mmoja, ndege moja, lakini hatukufanana kwa lolote lingine. Mimi nilikuwa naogopa na kujifanya siogopi. Yeye alikuwa anaogopa na kulitangaza kwa abiria wote, kisha anacheka. Alinikalia kiti cha dirishani, akaniita ticha tangu siku ile mpaka mwisho, na mashine ilipokuwa ikituchuja damu, vitanda vikiwa sambamba, alinigeukia akasema, "Ticha, damu yako inatoka polepole kama mshahara wa serikali."

Kazi ya ile mashine ni hii. Mwilini mna seli za ulinzi, askari wa doria ambao kazi yao ni kumtambua adui na kumuua. Saratani huwapita kwa kuwa imevaa sare ya nyumbani. Basi wataalamu huchukua askari wako mwenyewe, wakawapandikiza maelekezo mapya ya urithi, ili wakimwona yule adui wamjue hata akivaa joho la askofu. Huwazalisha mpaka wawe wengi, huwagandisha, kisha siku moja huwarudisha mwilini mwako kwa dripu, wakafanye kazi. Kiwanda kilikuwa na foleni. Tukapewa vidonge vya kuushikilia ugonjwa, tukaambiwa turudi nyumbani tusubiri.

Lakini kabla seli hazijarudishwa ni lazima zipimwe nguvu. Huwezi kumwekea mtu mwilini askari waliolala. Hilo halina ubishi, na kama ningekuwa mimi mwenye kiwanda ningefanya hivyohivyo. Upuuzi unaanzia pale unapouliza nguvu hiyo inapimwaje. Na mimi niliuliza. Nilimpigia yule daktari mara nyingi kiasi kwamba mke wangu alianza kumtumia salamu.

Jibu lilitoka kwa vipande. Kiwanda kilichotengeneza seli zangu kilikuwa kinazichanganya na seli za saratani zilizofugwa maabara, kisha kinapima kiasi cha kemikali fulani ambayo askari huimwaga wakimwona adui. Kemikali hiyo ni kama mayowe. Askari wengi wakipiga mayowe, wamefaulu. Wakipiga kidogo, wamefeli. Za kwangu zilipiga kidogo, zikakosa mpaka wa kufaulu kwa kiasi ambacho mwalimu mwenye roho nzuri angekijazia kwa ajili ya mwandiko.

"Na je," nikauliza, "ziliua?"

"Hilo hatukulipima, Mwalimu," daktari akasema. "Kipimo chetu si hicho."

Nilishusha simu nikaitazama kama kwamba yenyewe ndiyo iliyosema. Nimekaa madarasani miaka mingi. Namjua mtoto anayenyoosha kidole kwa nguvu mpaka anainuka kwenye dawati, na ukimwita hajui hata swali lilikuwa nini. Debe tupu haliachi kuvuma. Na namjua yule wa nyuma, aliyejikunyata, ambaye ukisahihisha daftari lake unaita mwenzako aje aone. Na hapa palikuwa na watu wenye shahada ndefu kuliko barabara ya Biharamulo, wanaopima maisha yangu kwa mayowe.

Kilichonitia uchungu zaidi ni kwamba hapakuwa na marudio. Mwili uliokwisha kunyweshwa dawa zote zile hauna tena askari wa kutosha kuchujwa mara ya pili. Daktari alinieleza waziwazi. Zilizogandishwa ndizo zilizopo. Zikikataliwa, kinachobaki ni vidonge vile vya kushikilia, na ugonjwa ulikuwa umeanza kuvizoea. Shati langu la kanisani halikufunga tena kifungo cha juu.

Siku hizohizo yule mama wa dagaa akanipigia kutoka kisiwani. Nyuma yake nilisikia makelele ya watu na sufuria.

"Ticha! Nimepasua!" akasema. "Seli zangu zimepita juu kabisa, daktari mwenyewe ameshangaa. Nasikia wewe umepata ziro?"

"Si ziro," nikasema. "Nimekosa kidogo."

"Ndivyo wanavyosema wote wenye ziro." Akacheka mpaka akakohoa. "Pole, ticha. Usikate tamaa. Huku kwangu wanapika pilau, binti yangu amewaambia watu mama amefaulu, wanakuja kunipa mkono kama nimechaguliwa kidato cha tano. Ningekukaribisha, lakini hatuli na waliofeli."

Nilicheka. Kisha nikakata simu, na nakiri kwamba nilimwonea wivu mgonjwa mwenzangu. Baada ya muda mfupi alisafiri na binti yake kwenda kuwekewa seli zake, nami nikabaki Hamugembe nawapokea wageni.

Wageni wa mgonjwa ni somo peke yake. Walikuja walimu wastaafu wenzangu, walikuja wanajumuiya wa kanisani, wakaja majirani, na hakuna aliyekuja bila dawa. Mmoja aliniletea chupa ya mizizi akanihakikishia kwamba inafanya kazi kwa sababu ni chungu sana. Mwingine alikuwa na unga ambao ubora wake ulijulikana kwa kuwa ukiunusa unapiga chafya. Wa tatu alinieleza kwamba dawa yake haina haja ya kupimwa, kwani imemponya shemeji yake, na nilipouliza shemeji alikuwa anaumwa nini, akasema tumbo. Niliwadharau wote kimoyomoyo, kisha nikajiuliza wanatofautiana nini na kiwanda changu. Huyu anapima uchungu, yule chafya, wale mayowe. Angalau mwenye chupa ya mizizi hakuwa amevaa koti jeupe.

Mke wangu aliona nitapasuka, akanipeleka Nshamba kwa kaka yangu mkubwa, kwenye kibanja chetu cha migomba cha asili, nikapumue. Nilimkuta amekamua ndizi, amechanganya mtama, pombe inachacha kwenye mtumbwi wake wa mti chini ya majani ya migomba. Kaka yangu hakusoma sana, na hajawahi kunisamehe kwamba mimi nilisoma. Nilimweleza habari ya kipimo cha mayowe. Alisikiliza huku anatafuna kahawa, akatema ganda.

"Waitu, mheshimiwa mwalimu," akasema, "pombe ingepimwa kwa povu, sabuni ingekuwa pombe."

"Wewe unaipimaje?"

"Naionja."

"Na jirani yako?"

"Yule? Yule anaweka sikio. Ikivuma anasema imeiva. Ndiyo maana hakuna anayekwenda kunywa kwake." Akanitazama shingoni, pale penye uvimbe, akaacha utani. "Bojo, tafadhali, mdogo wangu, waambie waionje basi. Waambie waionje, wasikae kuisikiliza tu."

Haikuwa busara kubwa, na kaka yangu mwenyewe kila akionja pombe yake husema imeiva, hata ikiwa togwa. Lakini niliporudi mjini niliishika hoja hiyo kwa ukali wa mtu asiye na kingine cha kushika. Nilifanya kile ambacho mwanafunzi yeyote mwenye mzazi mkorofi hufanya: nilikata rufaa. Nilimwambia daktari kwamba nataka kazi yangu isahihishwe upya, na msahihishaji mwingine, kwa mwongozo mwingine. Nilitegemea atanicheka. Hakunicheka. Alisema kuna maabara ya chuo fulani ambayo haipimi mayowe. Inahesabu seli za saratani zilizokufa. Kulikuwa na vichupa vichache vya akiba. Angeomba kibali apeleke kimoja.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nilingoja mpaka na shingo ikauma. Kisha jibu likaja. Kwa maabara ile ya pili, seli zangu zilikuwa zimefaulu vizuri tu. Zilikuwa zimeua. Kimyakimya, bila mayowe, ziliwafuata adui mmojammoja zikawamaliza.

Nilipiga magoti sebuleni, mimi ambaye hata kanisani hupenda kukaa. Mke wangu alianza kutafuta pasipoti zilipo. Tulikuwa wajinga. Kiwanda kilijibu kwamba hakiwezi kupokea matokeo ya maabara ile, kwa kuwa njia yake haikuthibitishwa na kiwanda. Maabara nayo ilijibu kwamba haishangai, kwa kuwa njia ya kiwanda haijathibitishwa na mtu yeyote mwenye akili. Sikutunga hilo, daktari alinisomea, ingawa alilainisha mwisho. Seli ni zilezile, za mtu yuleyule, kutoka friji lilelile. Huku ziro, kule zimepita, na mwenye seli amekaa katikati na shingo kama ya fahali.

Sasa niwaambie tunavyofanya sisi, walimu wa mshahara mdogo, tunaolala kwenye mabweni ya wanafunzi na kula maharage yao. Kabla hujagusa karatasi ya mtoto wa mtu, mnakaa wote chumba kimoja. Mnapewa nakala za karatasi zilezile chache, kila mmoja anasahihisha kivyake, halafu mnalinganisha. Aliyetoa saba anamtazama aliyetoa tatu kama mwizi. Mnagombana, mnakunywa chai, mnarudia, mpaka mnatoa alama zinazokaribiana. Ndipo mafurushi yanafunguliwa. Wasiokubali kukaribiana wanapewa kazi ya kupanga bahasha. Hatufanyi hivyo kwa kuwa tuna akili sana. Tunafanya hivyo kwa kuwa tunajuana, na tunajua kwamba msahihishaji akiachwa peke yake na chai ya moto ni mwema, na chai ikipoa ni mnyama.

Nilimweleza daktari haya yote kwa simu. "Tengenezeni seli za mfano," nikamwambia, "za aina moja, mzigawe kwa kila maabara, mshindane nazo mpaka mkubaliane. Ndipo mguse za kwangu."

"Mwalimu," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia amechoka, "wazo hilo lipo. Linajadiliwa. Lakini karatasi za mtihani hazifi ukizitoa kwenye friji. Seli hufa. Anayeziyeyusha vibaya dakika chache tu anazidhoofisha, kisha tunasema mgonjwa ndiye dhaifu. Na wewe watahiniwa wako wote wanajibu swali moja. Mimi kila mgonjwa ni darasa la mtu mmoja."

Hapo alinipata. Nilimheshimu zaidi baada ya siku hiyo. Na nadhani ni kwa kunichoka, au kwa kunihurumia, alifanya mpango nikaalikwa kwenye kikao cha wataalamu kilichoitishwa mtandaoni kwa ajili ya kusanifisha vipimo hivyo. Walitaka, walisema, kusikia sauti ya mgonjwa.

Nilivaa koti la harusi za watu, nikaacha shati wazi shingoni kwa kukosa la kufanya, nikaketi sebuleni mbele ya kompyuta ya mpwa wa mke wangu. Nikaona madirisha madogo yaliyojaa nyuso. Kulikuwa na watu wa viwanda, wa vyuo, wa mamlaka za dawa, kila mtu na kabati la vitabu nyuma yake. Sehemu kubwa ya kikao ilikwenda kwenye kubishana kuhusu maana ya neno nguvu. Mmoja alitaka liwe uwezo wa kutenda. Mwingine alitaka liwe utendaji wa uwezo. Wa tatu alipendekeza iundwe kamati ndogo itakayoliangalia neno hilo na kurudi. Niliuma meno. Mke wangu, aliyekaa pembeni asionekane, aliniwekea mkono gotini.

Zamu yangu ilipofika nilisema yale ya usahihishaji, kwa ufupi na bila matusi, ingawa matusi yalikuwepo tayari. Nikamalizia kwa kusema kwamba nina tezi inayokua wakati wao wanatafuta neno. Wakanishukuru sana. Mwenyekiti akasema mtazamo wangu ulikuwa wa thamani kubwa. Kisha bwana mmoja mwenye mvi akauliza hizo seli za mfano zitakuwa za nani, na hapo ndipo nilipoona binadamu ni mmoja dunia nzima. Kila mwenye kiwanda alisema zake ndizo zinazofaa. Mwenye kiwanda changu alisema yuko tayari wengine wote wafuate kipimo chake, lakini hawezi kukionyesha, kwa kuwa ni siri ya biashara. Yaani mtoto wa watu anafelishwa kwa mwongozo wa kusahihisha ambao mwalimu ameufungia kabatini, na ufunguo ameumeza. Nilifungua mdomo. "Bojo, nyamaza kwanza," mke wangu akaninong'oneza, na mtandao ukakata kabla sijamtii. Ulipoungana tena walikuwa wanapanga kikao kijacho.

Aliyeniokoa hakuwa yeyote kati ya wale. Ni yule daktari, aliyeacha kungoja viwango akaandika maombi kwa wakubwa wake kwamba mgonjwa huyu hana njia nyingine, na apewe seli zake kwa njia ya huruma, nje ya utafiti. Nilitakiwa kutia saini kwamba naelewa ninapokea dawa iliyofeli. Nilisaini kwa furaha ambayo sikuwa nayo hata siku ya ndoa, na mke wangu hilo ameshaliuliza mara mbili.

Yaliyotokea India nitayasema upesi, kwa kuwa mengi siyakumbuki. Walinitundikia mfuko mdogo, mdogo mno, ungefikiri ni wa mtoto. Siku chache baadaye nikapata homa iliyonifanya niwafundishe wauguzi usanisinuru kwa Kihaya. Mke wangu anasema niliwafokea kwa kutoandika. Homa ikapanda, wakaishusha, ikapanda tena. Kisha asubuhi moja nikaona napumua bila kusikia shingo yangu. Nikapapasa chini ya taya. Palikuwa laini kama pa mtu mwingine. Vipimo vilivyofuata havikuona kitu, na vilivyofuata hivyo navyo havikuona, mpaka leo.

Yule mama wa dagaa alikuwa amesharudi kisiwani muda mrefu. Naye kwa mara ya kwanza alikutwa safi, akanipigia kunijulisha, akaniuliza kama darasa la marudio linaendeleaje. Tulitaniana. Mara ya pili akakutwa si safi. Hakupiga yeye; alipiga binti yake. Saratani ilikuwa imerudi kwa kasi, na wale askari wake waliopiga mayowe makubwa kuliko wote kiwandani walikuwa wametoweka kwenye damu, hawakuonekana walikokwenda. Nilimpigia. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ticha," akasema, "walinipa A ya bure."

Nilimwambia apumzike, neno la kijinga kuliko yote ambayo watu wazima huyasema kwa wagonjwa, nami nililisema kwa mtu aliyenichekesha kwenye kitanda cha sindano. Alifariki kabla sijapata nafasi ya kuvuka kumwona.

Nilivuka kwa maziko. Boti ilijaa watu wa biashara yake, wanawake wenye ndoo na madira, wengi wao kutoka pande zote za ziwa, na kila mmoja alikuwa na kisa cha jinsi marehemu alivyomtukana akamkopesha. Tulimzika juu kidogo ya makazi, mahali pasipofika maji. Chini kule dagaa walikuwa wameanikwa kama kawaida, maana dagaa hawajui msiba. Baada ya sala tukagawiwa ugali na samaki, nami nikakaa kwenye gogo na sahani yangu.

Binti yake akaja kukaa karibu nami. Amemaliza kidato cha sita, msichana mtulivu, si kama mama yake. Yeye ndiye aliyekuwa amewaambia watu mama amefaulu. Yeye ndiye aliyepika lile pilau.

"Shikamoo, ticha."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Ticha, wewe ni mwalimu. Naomba unieleweshe." Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu aliyelipanga swali tangu jana. "Mama alifaulu. Tena juu kabisa. Wewe ulifeli. Walipima nini?"

Nilimweleza kwa kadiri nilivyoweza. Nilimweleza habari ya kemikali, na kwamba haikuonyesha askari watadumu muda gani mwilini, wala kama wataua. Nilimwambia kwamba hata ile maabara ya pili ilihesabu vifo vya siku chache ndani ya kisahani, na kwamba mtu si kisahani. Nilimwambia huenda mimi nimebahatika tu. Alisikiliza yote.

"Kwa hiyo hawajui."

"Hawajui bado. Wanakaa vikao."

"Sawa," akasema. "Lakini kwako si wameona? Aliyefeli amepona. Wataandika hivyo, ili mwingine akifeli asinyimwe?"

Swali hilo ndilo nililokuwa naliogopa, kwa sababu jibu lake nilikuwa nalo. Nilikuwa nimemwuliza daktari vivyo hivyo wiki ileile, naye, kwa adabu yake yote, alinijibu. Nikamwambia binti kama nilivyoambiwa. Mama yake seli zake zilifaulu, kwa hiyo alikuwa ndani ya utafiti, na kifo chake kitahesabiwa. Mimi za kwangu zilifeli, nikapewa kwa huruma. Waliopewa kwa huruma hawaingii kwenye hesabu.

Aliitazama sahani iliyokuwa magotini mwangu.

"Yaani ticha, wewe uliyekaa hapa unakula ugali wa msiba wa mama yangu, kwenye karatasi zao hupo?"

"Sipo," nikamwambia.